Beringi Iliyong'aa, Shafti Iliyolika

Kisa hiki ni cha meli ndogo ya mizigo ya mwambao, zile zinazopakia saruji, mabati na unga hapa Mombasa zikateremsha Lamu, kisha zikirudi hufunga Bandari ya Kale. Shafti ya rafadha yake, yaani mhimili unaozungusha panga la kusukumia meli, ni ya feleji, kipenyo milimita 140, nayo imelala juu ya beringi mbili kabla ya kuingia kwenye bomba la tezi, yaani la nyuma ya meli. Beringi zenyewe ni za mtindo wa zamani: ganda la chuma cha kusubu lililogawanyika nusu mbili, ndani limevikwa babiti, ile metali nyeupe laini, na juu ya shafti inaning'inia pete inayochota mafuta kutoka kisimani, yaani hifadhi ya mafuta iliyo chini ya beringi, na kuyapandisha shafti inapozunguka. Hakuna pampu wala mpira. Mtambo rahisi wa namna hii ukitengenezwa vizuri, mjukuu wa aliyeununua ataukuta bado unafanya kazi.

Beringi ya upande wa tezi ilitolewa kwa sababu babiti yake ilikuwa imepasuka ukingoni na vipande vimeanza kubanduka. Ikapelekwa karakana moja ya mjini, babiti ya zamani ikayeyushwa, ikamiminwa mpya, ikakerezwa. Iliporudi ilikuwa inameremeta hata mtu anajiona ndani yake. Mhandisi mkuu wa meli, ambaye pale bandarini kila mtu humwita Chifu, aliipokea kwa furaha, na nahodha akalipa bila kuvutana. Safari chache baadaye beringi hiyo ilikuwa inapita nyuzi 75 za Selisiasi meli ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, na mafuta ya kisimani yamegeuka meusi. Beringi ya pili, ya upande wa omo, yaani wa mbele, ambayo miaka mingi haijaguswa na uso wake umefifia, ilikuwa haizidi nyuzi 50. Shafti ni moja, mafuta ni ya aina moja, na mizunguko ni ile ile.

Chifu aliponiita aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa chote: "Fundi, hii laini ndiyo inayochemka, na ile yenye mikwaruzo imetulia. Imekuwaje?"

Tulichokikuta

Tulinyanyua nusu ya juu, tukapiga shafti jeki kidogo, tukaizungusha nusu ya chini mpaka ikatoka. Nilitarajia kuona babiti iliyovurugika na shafti nzima, maana ndivyo babiti ilivyokusudiwa: ni laini ili iumie yenyewe na kuinusuru shafti, ambayo ni ghali na ngumu kuitoa. Tulikuta kinyume. Babiti ilikuwa bado inang'aa, isipokuwa ukingo mmoja wa upande wa tezi ambao ulikuwa umepakazika kidogo kwa joto. Shafti ndiyo iliyoliwa. Mahali palipolala ndani ya beringi palikuwa na mistari myembamba iliyoizunguka pande zote, mingi na imesongamana, na ukipitisha ukucha unasikia unaruka kutoka mstari hadi mstari. Maikromita ilionyesha kwamba pale pamepungua karibu milimita 0.05 kulinganisha na sehemu ya shafti iliyo nje ya beringi.

Yale ya kawaida tuliyaangalia haraka, na hayakutupa jibu. Mafuta yalikuwa ya uzito unaotakiwa na hayakuwa na maji. Pete ilikuwa inazunguka. Nafasi kati ya shafti na beringi tuliipima kwa waya wa risasi uliobanwa na kufunguliwa, tukapata milimita 0.18. Kwa shafti ya milimita 140, kanuni ya mafundi ya sehemu moja hadi moja na nusu ya elfu ya kipenyo inataka kati ya 0.14 na 0.21, kwa hiyo hapo pia hapakuwa na kosa. Mlalo wa shafti ulikuwa umeinama kidogo kuelekea tezi. Hilo niliandika pembeni, nitalirudia.

Kisha tukapima ulaini wenyewe. Kipimo cha sindano hutambaa juu ya uso na kutoa tarakimu inayoitwa Ra, yaani wastani wa kupanda na kushuka kwa vilima na mabonde ya uso huo, kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Beringi mpya ilitoa karibu 0.3. Ile ya omo, iliyofifia, ilitoa karibu 0.7. Kwa tarakimu peke yake, beringi inayochemka ilikuwa laini zaidi ya mara mbili kuliko inayotulia.

Hapa ndipo mafundi wengi husimama, wakasema uso ni mzuri, tutafute kosa kwingine. Mimi naamini tarakimu ile haikudanganya, ila ilijibu swali ambalo hatukuuliza. Ra ni wastani wa urefu wa vilima. Haisemi vilima hivyo ni vya kitu gani. Kilima cha babiti kikigusana na shafti hulala chini, na mambo yakaisha. Kilima kingine kisicho cha babiti hakilali.

Kipande cha kioo

Nilichukua skrepa, kisu cha kukwangulia metali, nikakwangua utepe mwembamba kutoka katikati ya nusu ya chini, mahali panapong'aa. Niliuosha kwa mafuta ya taa, nikauweka juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikaukandamiza kwa kijiti cha mbao na kuusugua mbele na nyuma. Bati (ile metali yenyewe, si mabati ya paa) ni laini sana, na babiti nzuri sehemu kubwa ni bati. Hata zile fuwele ngumu zilizo ndani yake haziwezi kuchora kioo. Kioo kilichoreka. Ukikiinamisha kwenye mwanga uliona michirizi myeupe, mifupi, imetawanyika.

Kioo huchorwa pia na mchanga wa pwani, kwa hiyo jaribio moja halikutosha. Tukakwangua nusu ya juu kwenye pembe ya karibu na mfereji wa mafuta, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kwa urahisi na pangali na alama za kisu cha lathi, mashine ya kukerezea. Utepe ule haukuchora chochote. Tukakwangua beringi ya omo, nayo haikuchora. Mafuta meusi ya kisimani tuliyachuja kwa kitambaa cheupe na kupitisha sumaku chini yake: unga mweusi ukasimama na kufuata sumaku, ambayo maana yake ni kwamba uliosagika ni feleji ya shafti, si babiti. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 tuliona chembe zenyewe zimezama kwenye uso wa babiti, zikionyesha ncha tu.

Nikaenda karakana iliyofanya kazi ile. Fundi wake alinipokea vizuri na hakuficha kitu. Alikereza kwa haraka, akabaki na alama za kisu, na kwa sababu wateja hukataa beringi yenye alama, alizifuta kwa msasa namba 240, kisha 400, kisha akamalizia kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo karakana nyingi zinavyofanya. Simlaumu, lakini kazi yenyewe lazima isemwe waziwazi: msasa hauingii kwenye babiti. Si namba 240, si 400, si 1200.

Sababu iko ndani ya metali yenyewe. Mmarekani Isaac Babbitt alipata hataza ya beringi zake mwaka 1839, na mchanganyiko unaotumika sana hadi leo una bati asilimia 89, antimoni 7.5 na shaba 3.5. Katika joto la kawaida ugumu wake ni kama 24 kwa kipimo cha Brinell, na ukifika nyuzi 100 hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Ulaini huo ni neema. Uchafu ukiingia na mafuta, babiti huumeza, ukazama ndani na kuacha kumkwaruza mwenzake. Lakini neema hiyo ina kikomo: chembe ikiwa kubwa, au zikiwa nyingi, hazizami zote zikapotea. Hukaa nusu ndani nusu nje, zimeshikwa imara. Chembe za msasa namba 240 zina ukubwa wa wastani wa karibu mikroni 58, na za namba 400 karibu 35. Ni za oksaidi ya alumini au kabaidi ya silikoni, vitu vigumu kuliko feleji yoyote ya shafti. Ukisugua babiti kwa msasa, unazing'oa chembe kwenye karatasi na kuzipandikiza kwenye metali. Umelitengeneza jiwe la kunolea na kuifunga shafti juu yake.

Kuosha hakusaidii. Nimeona watu wakiziosha beringi kama hizo kwa petroli, kwa sabuni, kwa hewa ya kompresa. Chembe iliyopandikizwa kwa shinikizo la kidole cha gumba haitoki kwa petroli.

Mafuta yanayobeba shafti

Chifu aliuliza jambo la haki: kama shafti inaelea juu ya mafuta, ncha hizo zinaigusaje? Kweli inaelea. Mwingereza Beauchamp Tower, akifanya majaribio ya beringi za magari ya reli, aliripoti mwaka 1883 kwamba alitoboa tundu juu ya beringi, mafuta yakabubujika. Alipoliziba kwa kizibo cha mti, mafuta yakakisukuma nje. Ndipo ilipojulikana kwamba shafti inayozunguka hujivutia mafuta chini yake na kuyatia shinikizo linaloweza kubeba mzigo wote. Osborne Reynolds akaja kuandika hesabu zake mwaka 1886.

Lakini shinikizo hilo linataka mwendo. Meli ikiwa mbioni, shafti hii huzunguka mara 400 kwa dakika, na uso wake hupita karibu mita 3 kwa sekunde. Utando wa mafuta hapo unaweza kufikia makumi ya mikroni. Injini ikipunguzwa mwendo, mizunguko ikipungua, utando hukonda. Inaposimama hakuna utando. Meli ya mwambao haiendi wiki nzima bila kusimama kama meli kubwa za Kilindini: hutia nanga, hungoja maji yajae, husogea mbele na nyuma kutafuta nafasi gatini. Kila kuwasha na kila kuzima shafti hulala juu ya ncha za msasa. Ukingo wa tezi, palipoinama, utando ni mwembamba hata katika mwendo kamili. Shafti ikishachoreka, mistari yake hukata utando, joto hupanda, mafuta hulegea, utando huzidi kukonda. Gurudumu hilo lilikuwa limeshaanza kujizungusha lenyewe.

Kulikuwa na kosa la pili ambalo msasa uliliongeza, na watu hulisahau. Mkono wa mtu hausugui sawasawa. Tulipopima nusu ya chini kwa geji ya saa tulikuta mabonde mapana yasiyoonekana kwa macho, mengine ya milimita 0.03. Kipimo cha sindano hakiyaoni, kwa sababu hutambaa milimita chache tu na mabonde haya ni mapana kuliko safari yake. Uso ulikuwa laini na umbo limepotea. Umbo likipotea mzigo hubebwa na vilele vichache, na ulaini wa Ra 0.3 haumsaidii mtu.

Kazi ilivyorudiwa

Nusu ya chini hatukuona njia ya kuiokoa. Kukwangua tabaka lote lenye chembe kungeipanua nafasi kupita kiasi, na ukingo ulikuwa umeshapakazika. Babiti ikayeyushwa, ganda likasafishwa na kupakwa bati upya, ikamiminwa nyingine. Jaribio la mshikamano lilikuwa la zamani: ganda lilichovywa katika mafuta ya taa, likafutwa kavu, likapakwa chaki kwenye mshono; penye ufa mafuta huvuja na chaki hulowa. Ilibaki kavu. Nusu ya juu, kwa kuwa haina mzigo, tulikubaliana kuikereza tabaka la juu pamoja na ya chini.

Lakini kabla ya kumimina chochote tulianza na shafti, na hili nalisisitiza. Ukitaka kuuboresha uso wa beringi, anza na uso unaozunguka juu yake. Shafti iliyochoreka itaikwangua babiti yoyote utakayoipa. Kuitoa melini kungegharimu chelezo, yaani kuipandisha meli nchi kavu, kwa hiyo tuliisugua hapo hapo: koleo la mbao lenye tundu la kipenyo chake, ndani kitambaa cha msasa kilicholoweshwa mafuta, watu wawili wakizungusha gurudumu la injini polepole, na koleo likitembezwa huku na huku lisikae mahali pamoja. Kwanza 240, kisha 400, kisha 800. Msasa unaruhusiwa kwenye feleji kwa sababu feleji haiumezi. Hata hivyo kisima kilifunikwa kwa plastiki na kila ufa ukazibwa matambara, na mwisho shafti ikafutwa kwa mafuta ya taa na kitambaa cheupe kipya, tena na tena, hadi kitambaa kikatoka bila alama ya kijivu. Mistari mirefu zaidi ilibaki kama vivuli, lakini ukucha haukuisikia tena. Ra yake ikawa karibu 0.4.

Jioni ile tuliipaka mafuta mazito na kuifunga karatasi. Hewa ya Mombasa haisubiri. Shafti iliyosuguliwa ikaachwa tupu usiku mmoja karibu na maji ya chumvi, asubuhi ina ukungu mwekundu, na ukungu huo wenyewe ni unga unaosaga. Nimewaona mafundi hodari wakifanya kazi nzuri mchana na kuipoteza usiku kwa uvivu wa kupaka mafuta.

Baada ya hapo tukaipima kipenyo kipya, na beringi ikakerezwa kuifuata shafti, si kufuata kitabu.

Sasa ukerezaji. Naamini hapa ndipo ulaini unapopatikana au unapopotea, na msasa huja tu kufunika kilichokosewa hapa. Kisu cha lathi kikitembea huacha mifereji kama ya skrubu, na kimo cha mifereji hiyo kinahesabika kabla hujawasha mashine. Chukua mwendo wa kisu kwa kila mzunguko mmoja, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara 32 ya nusu kipenyo cha ncha ya kisu. Jibu ndilo Ra unayoweza kuitarajia ikiwa kila kitu ni kamilifu. Karakana ile ilikereza kwa mwendo wa milimita 0.2 na ncha ya 0.4. Mraba wa 0.2 ni 0.04, mara 32 ya 0.4 ni 12.8, ukigawa unapata milimita 0.0031, yaani mikroni 3.1. Uso huo unaonekana kwa macho na kusikika kwa kidole. Si ajabu fundi alikimbilia msasa.

Sisi tuliweka mwendo wa 0.08 na ncha ya 0.8. Mraba wa 0.08 ni 0.0064, mara 32 ya 0.8 ni 25.6, jibu ni milimita 0.00025, robo ya mikroni. Lathi ni ile ile. Tofauti ni kwamba kisu kinatembea polepole, na pengine mkato wa mwisho unachukua dakika kadhaa zaidi. Karatasi haisemi ukweli wote, bila shaka. Babiti ikikutana na kisu butu haikatiki, inararuka na kujipaka kwenye ncha, kisha vipande vilivyojipaka vinachora uso. Kwa hiyo kisu kilikuwa cha feleji ya kukatia, kimenolewa kwa pembe kali, na ukingo wake ukamaliziwa kwa mkono juu ya jiwe laini la mafuta mpaka ukakata unywele. Mizunguko 300 kwa dakika, mkato wa mwisho wa milimita 0.1. Tulipopima tulipata Ra kati ya 0.5 na 0.6. Ni mara mbili ya hesabu, na kwa lathi iliyofanya kazi miaka mingi hapa Shimanzi niliridhika nayo.

Ukiitazama beringi hiyo kwenye mwanga haikuwa kioo. Ilikuwa na weupe wa maziwa, na mifereji myembamba sana inayong'aa ukiigeuza. Chifu aliishika, akaitazama, akanitazama mimi. Nilimwelewa. Amelipia mara mbili, na ya pili inaonekana duni kuliko ya kwanza. Nilimpa kipande cha kioo na utepe kutoka kwa hii mpya nikamwomba asugue mwenyewe. Alisugua kwa nguvu zake zote, kioo kikabaki safi.

Kukwangua kwa skrepa ndiko kulikochukua muda mrefu zaidi. Skrepa yenyewe ni tupa kuukuu ya pembe tatu, imesagwa meno yake yote na kunolewa kingo. Shafti ilipakwa rangi ya buluu, tabaka jembamba sana, nusu ya chini ikapandishwa chini yake, shafti ikazungushwa kidogo, beringi ikatolewa. Palipogusa pana buluu. Hapo unakwangua, mkwaruzo mfupi, bila kukandamiza, ukibadilisha upande kila mara ili mistari ikatane. Ukifanya vizuri utepe unajikunja mbele ya skrepa, mwembamba kama ganda la kitunguu, na huachi ukingo. Ukikandamiza, skrepa inatetemeka na kuacha ngazi ngazi, na ngazi hizo ni kazi ya kuondoa tena. Mwanzoni buluu ilikaa kwenye vidoa vichache upande wa tezi. Mwishoni ilikuwa imetapakaa kama vipele juu ya ile sehemu ya chini inayobeba mzigo, na kupungua taratibu kuelekea pembeni mafuta yanapoingilia. Vibonde vidogo vinavyobaki kati ya vidoa hushika mafuta, na shafti inaposimama na kuwashwa tena hukuta mafuta pale pale. Hiyo ndiyo sababu beringi ya omo, yenye Ra 0.7, imetulia miaka yote.

Kingo za mfereji wa mafuta na za mshono wa nusu mbili tulizizungusha kwa skrepa. Ukingo mkali hufuta mafuta kwenye shafti badala ya kuyaachia yaingie. Ni kazi ya dakika chache na nimekuta beringi nyingi zimefeli kwa kuikosa.

Matokeo, na kilichobaki

Meli iliendeshwa kwanza ikiwa imefungwa gatini, polepole, ikaongezwa mwendo kidogo kidogo huku mkono ukiwa juu ya beringi na kipimajoto kando. Kisha ikatoka kupita mbele ya Fort Jesus hadi bahari kuu, ikarudi. Mafuta ya mwanzo yalimwagwa yote na kuchujwa kwa kitambaa cheupe: vipande vichache vinavyong'aa vya babiti, ambavyo hutokea kila beringi mpya inapojizoeza na shafti, na sumaku haikuokota unga. Yakatiwa mafuta mapya. Katika safari ya Lamu iliyofuata joto lilipanda hadi nyuzi 52 likasimama hapo. Meli iliporudi tulinyanyua nusu ya juu tu, tukaitazama shafti: mistari mipya hakuna.

Nilirudi kwa fundi wa karakana ile na kile kioo. Tulizungumza sana kuhusu wateja. Alisema, na ana haki, kwamba mwenye meli akija kuchukua kazi hapimi, anatazama, na kazi isiyong'aa inapunguziwa bei. Tulikubaliana aanze kuandika kwenye risiti mambo matatu: kipenyo cha shafti alichokifuata, mwendo wa kisu wa mkato wa mwisho, na kwamba babiti haikuguswa na msasa. Mteja anayeuliza kwa nini haing'ai aonyeshwe kioo. Sijui njia bora kuliko kumpa mtu utepe akasugua kwa mkono wake.

Kilichobaki ni ule mlalo wa shafti kuelekea tezi. Buluu ya mwisho ilikuwa bado nzito kidogo upande huo, na ulaini wa uso hauwezi kunyoosha shafti iliyoinama. Unaweza tu kuipa beringi uvumilivu zaidi. Misingi ya beringi itapimwa na kuwekewa vibati vyake vya kusawazishia meli itakapopandishwa chelezo. Hadi wakati huo Chifu ameagiza kila zamu iandike joto la beringi zote mbili kwenye daftari la injini, na tofauti kati yao ikizidi nyuzi 10 injini ipunguzwe mwendo na mimi niitwe.